Jaribio la chupa mbili la gesijoto linatoa majibu yanayopingana: kosa liko wapi?

Mwl_Sayansi

Habari zenu wakuu. Naandaa vipindi vya sekondari kuhusu gesijoto na chanzo cha mabadiliko ya tabianchi. Jaribio lililozoeleka ni lile la chupa mbili za plastiki za lita 1.5. Moja inabaki na hewa ya kawaida, nyingine inatiwa siki na soda ya kuokea (sodiamu baikabonati) ili itoe hewa ukaa. Kila chupa ina kipimajoto, na balbu ya waya ya wati 100 inawekwa katikati kwa dakika 20.

Maelekezo yanasema chupa yenye hewa ukaa itaongoza. Matokeo hayatulii: mara inaongoza kwa nyuzi 2, mara inabaki nyuma ya chupa ya hewa ya kawaida. Nini kinaharibika?

Kuna maswali mawili mengine ambayo lazima wanafunzi watayauliza. Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote, inawezaje kubadili joto la dunia? Na tunajuaje ongezeko limetokana na binadamu, si jua wala volkano? Naomba majibu yenye hesabu. Habari za "dunia imefunikwa blanketi" wameshazisikia tangu shule ya msingi.

---

Fizikia_Tupu

Mwalimu, hukukosea kupima. Jaribio lenyewe ndilo bovu, na lina kasoro nne ambazo kila moja peke yake inatosha kulivuruga.

Kwanza, siki na soda vikichanganyika hunyonya joto, kwa hiyo kimiminika kinapoa. Ukichanganya ndani ya chupa ileile unayoipima, umeanza mashindano huku mmoja wa washindani akiwa na maji baridi miguuni. Tena mililita 100 za kimiminika zinahitaji takriban juli 420 kupanda nyuzi 1, wakati hewa yote iliyomo kwenye chupa ya lita 1.5 inahitaji kama juli 2. Kipimajoto chako kinafuata kimiminika, hakifuati gesi. Hapo ndipo yanapotoka yale majibu ya kinyume.

Pili, balbu. Waya wake una joto la karibu 2,700 K (kelvini, yaani kama nyuzi 2,400), na mwanga wake una nguvu zaidi karibu na maikromita 1. Hewa ukaa hufyonza hasa kwenye maikromita 4.3 na 15. Mionzi ya maikromita 15 ndiyo inayohusika na tabianchi, na hiyo hutolewa kwa wingi na vitu vyenye joto la kawaida kama udongo, maji na ukuta. Balbu hutoa kidogo mno.

Tatu, plastiki au kioo cha chupa hufyonza sehemu kubwa ya mionzi mirefu kabla haijaifikia gesi. Ukuta wa chupa unapata moto, kisha unaipasha gesi kwa kuigusa.

Nne, na hii ndiyo inayowadanganya wengi, hewa ukaa ni nzito. Kwenye nyuzi 20 lita moja ina gramu 1.84, hewa ya kawaida gramu 1.20. Pia hupitisha joto kwa shida kuliko hewa. Gesi nzito iliyotuama chini ya chupa haizunguki, kwa hiyo joto linabaki pale lilipoingia. Ukitaka kuthibitisha, rudia kwa agoni. Agoni haifyonzi infraredi (mionzi ya joto) hata kidogo, lakini ndani ya chupa itapanda joto karibu sawa na hewa ukaa kwa sababu nayo ni nzito (gramu 1.66 kwa lita). Maana yake, hata pale jaribio "linapofaulu", limefaulu kwa sababu isiyohusiana na gesijoto.

Kama ni lazima ulifanye, tengenezea gesi kwenye chupa ya pembeni na uipitishe kwa mpira hadi chini ya chupa kavu ya kupimia. Siki ya asilimia 5, mililita 100, inahitaji gramu 7 za soda na inatoa kama lita 2 za gesi. Sehemu yake itabaki kwenye chupa ya kutengenezea, kwa hiyo tumia kipimo mara mbili. Kiberiti kikizimika mdomoni mwa chupa, imejaa. Kisha waambie wanafunzi walitafute kosa la jaribio. Kipindi hicho kitakuwa na faida kuliko kipindi cha kulisifia.

---

Mwl_Sayansi

Asante sana mkuu. Sasa kipo cha kuonyesha badala yake bila maabara kubwa?

---

Fizikia_Tupu

Kipo: kipimajoto cha infraredi, kile cha umbo la bastola kinachotumiwa na mafundi. Usichukue cha kupimia homa, maana hicho kimefungwa kwenye joto la mwili na angani hakitasoma kitu. Tafuta kinachoshuka hadi nyuzi -50.

Kifanye hivi. Kiache nje dakika 15 hadi 20 kizoee joto la hewa, la sivyo namba zitakuwa zinateleza. Usiku ni bora. Mchana simama kivulini na usikielekeze kwenye jua kabisa. Pima moja kwa moja juu ya kichwa, kisha nusu ya njia kushuka, kisha kama nyuzi 10 juu ya upeo wa macho. Andika na joto la hewa. Rudia siku yenye mawingu mazito ya chini.

Anga safi juu ya kichwa litasoma baridi kuliko yote. Ukishuka kuelekea upeo wa macho namba inapanda, kwa sababu kipimo kinapita kwenye hewa nyingi zaidi: kwenye pembe ya nyuzi 30 njia ni mara 2 ya ile ya juu, kwenye pembe ya nyuzi 10 ni karibu mara 6. Wingu la chini litasoma joto zaidi kwa tofauti kubwa. Kikiandika "Lo", anga liko chini ya uwezo wa chombo; subiri usiku wenye unyevu zaidi. Angalia pia uwiano ulioandikwa ubavuni. Kama ni 12:1, ukiwa mita 12 kutoka kwenye mti unapima duara la mita 1, kwa hiyo paa na matawi huingia kwenye kipimo bila wewe kujua.

Wanachokiona ni kwamba anga linatoa joto kuja chini, hata usiku. Pasingekuwa na angahewa, chombo kingekuwa kinatazama anga za juu zenye nyuzi -270. Kwa wastani wa dunia nzima, mionzi ya joto inayoshuka kutoka angani ni kama wati 340 kwa kila mita ya mraba, wakati mwanga wa jua unaofyonzwa na uso wa dunia ni kama wati 160. Yaani ardhi inapokea kutoka kwenye hewa na mawingu mara mbili ya inachopokea moja kwa moja kutoka kwenye jua. Kila ninapoiona hesabu hiyo naona inastahili kuandikwa ubaoni kwa chaki nyekundu.

Tahadhari moja. Vyombo hivi, pamoja na kamera nyingi za joto, husoma maikromita 8 hadi 14. Vimetengenezwa hivyo makusudi kwa sababu hapo hewa ni angavu. Kwa hiyo unachopima ni mvuke wa maji na mawingu zaidi, si hewa ukaa. Usimpulizie mtu hewa ukaa mbele ya kamera hiyo ukitegemea apotee. Zile video zinazoonyesha mshumaa ukitoweka nyuma ya gesi hutumia kamera inayoona maikromita 4.3.

---

Kaboni12

Nichukue swali la asilimia 0.04.

Naitrojeni ni asilimia 78, oksijeni 21. Molekuli zake zina atomi mbili za aina moja, na zikitetemeka hazileti mtengano wa chaji wa kushika mionzi ya infraredi. Agoni ni atomi moja moja, haina hata cha kutetemeka hivyo. Kwa mionzi ya joto asilimia 99.9 ya hewa kavu ni kama haipo. Kwa hiyo kuuliza hewa ukaa ni sehemu ngapi ya hewa yote ni kuuliza swali lisilo na kazi. Uliza mionzi inakutana na hewa ukaa kiasi gani njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Angahewa yote ikikandamizwa kwenye shinikizo la usawa wa bahari ina unene wa kama kilomita 8. Zidisha kwa 0.00042, unapata mita 3.4. Hiyo ni tabaka la hewa ukaa tupu, mita 3.4, limezunguka dunia nzima. Kabla ya viwanda, kwenye sehemu 280 kwa milioni, lilikuwa mita 2.2. Chupa ya Mwalimu ina upana wa sentimita 8 au 9. Ozoni yote ya angani, ile inayotukinga na mionzi ya urujuanimno, ikikandamizwa hivyohivyo ni milimita 3 tu, na hakuna anayesema ni kidogo mno kufanya kazi.

Sasa joto lenyewe. Mwanga wa jua unaofika nje ya angahewa ni wati 1,361 kwa mita ya mraba. Dunia ni tufe, eneo lake ni mara 4 ya kivuli chake, kwa hiyo gawa kwa 4: wati 340. Asilimia 30 inarudishwa na mawingu, barafu na mchanga. Zinabaki wati 238. Ili dunia itoe wati 238 inahitaji joto gani? Gawa 238 kwa 5.67 × 10⁻⁸ (namba ya Stefan-Boltzmann inayounganisha joto na mionzi), tafuta kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, unapata 255 K, yaani nyuzi -18. Joto halisi la wastani usoni ni karibu nyuzi 15, na uso wenye joto hilo unatoa wati 390. Zinazotoka kwenda angani ni karibu 240 tu. Tofauti ya wati 150 ndiyo kazi ya gesijoto na mawingu, na tofauti ya nyuzi 33 ndiyo inayotuwezesha kuishi. Gesijoto si adui, ugomvi ni wa ile nyongeza.

Mwanafunzi akibisha, mpeleke Zuhura. Iko karibu na jua, ndiyo, lakini mawingu yake yanarudisha takriban robo tatu ya mwanga, kwa hiyo inafyonza nishati kidogo kuliko dunia kwa kila mita ya mraba. Usoni ina kama nyuzi 464. Hewa yake ni nzito mara 90 hivi ya yetu, na asilimia 96 ni hewa ukaa.

---

Mbishi_Halali

Mmeruka jambo moja. Bendi ya maikromita 15 (kundi la mawimbi ambalo hewa ukaa hufyonza) imejaa zamani. Mwanafizikia Ångström aliliona hilo 1900: mionzi ya urefu huo inafyonzwa yote ndani ya umbali mfupi kutoka ardhini. Chumba kikishakuwa giza, pazia la pili lina kazi gani?

---

Kaboni12

Hoja nzuri, na ilichelewesha sayansi hii miaka mingi. Kosa lake ni kudhani angahewa ni pazia moja.

Gesi inayofyonza mionzi ya urefu fulani hutoa pia mionzi ya urefu huohuo, kulingana na joto lake. Mionzi kutoka ardhini inafyonzwa, hewa inatoa mingine, nayo inafyonzwa juu kidogo, hivyo hivyo tabaka kwa tabaka, mpaka inapofika urefu ambao gesi iliyobaki juu ni chache na mionzi inaponyoka. Kinachoamua bajeti ya dunia ni joto la pale inapoponyokea. Kwa wastani wa mionzi yote, hapo ni kama kilomita 5 juu. Joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 hivi kila kilomita. Zidisha, unarudi kwenye zile nyuzi 33.

Ongeza hewa ukaa, na kiwango cha kuponyokea kinapanda. Huko juu ni baridi zaidi, kwa hiyo inayotoka ni kidogo, wakati inayoingia kutoka kwenye jua haijabadilika. Dunia inalimbikiza nishati hadi ipate joto la kutosha kusawazisha. Ukizidisha hewa ukaa mara mbili, kiwango kinapanda kama mita 150. Mita 150 kwa nyuzi 6.5 kwa kilomita ni karibu nyuzi 1, kabla ya kuhesabu mvuke na barafu. Pembeni mwa bendi, ambako ufyonzaji ni dhaifu, hakujajaa hata kidogo, na huko ndiko sehemu kubwa ya nyongeza inafanyika.

Hili limepimwa. Setilaiti ya Nimbus 4 mwaka 1970 ilionyesha katikati ya bendi dunia ikitoa mionzi kama kitu chenye 220 K hivi, nyuzi -53, huku kwenye dirisha la maikromita 8 hadi 12 ikionekana karibu na joto la ardhi.

Hata hivyo una haki kwa kiasi: ufanisi unapungua kadiri gesi inavyoongezeka. Fomula ya kukadiria ni 5.35 × ln(C/C₀), C ikiwa kiwango cha hewa ukaa cha sasa na C₀ kile cha mwanzo. Kutoka 280 hadi 420: ln ya 1.5 ni 0.405, jibu ni wati 2.17 kwa mita ya mraba. Kuzidisha mara mbili kunatoa 3.7. Unapungua ufanisi, haukomi.

---

Hesabu_ya_Moshi

Swali la pili la Mwalimu, tunajuaje ni sisi. Anza na hesabu ya mapato na matumizi, mengine yafuate.

Nishati ya kisukuku pamoja na saruji hutoa kama tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka. Ukataji misitu na matumizi ya ardhi huongeza kama 4. Jumla 41. Sehemu 1 kwa milioni angani ni sawa na tani bilioni 7.8, kwa hiyo tunachotoa kingetosha kupandisha kiwango kwa zaidi ya sehemu 5 kila mwaka. Kinachopanda kwa wastani ni kama 2.4. Nusu nyingine inamezwa na bahari na mimea. Basi asili kwa jumla inapokea, haitoi. Huwezi kusema chanzo ni mtu ambaye kila mwaka akaunti yake inaonyesha ameweka fedha, hajachukua.

Volkano zote, za nchi kavu na chini ya bahari, hutoa karibu asilimia 1 ya tunachotoa sisi au pungufu. Mlipuko mkubwa hupoza dunia: Pinatubo mwaka 1991 ilishusha joto la wastani kama nusu nyuzi kwa muda, kwa sababu ya salfa iliyorushwa stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya lile tunamoishi).

Pili, alama ya kaboni yenyewe. Mimea hupendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13. Makaa ya mawe na mafuta ni mimea na viumbe vya kale, kwa hiyo yana upungufu wa kaboni-13, na hewa ya sasa inaonyesha uwiano huo ukishuka. Kaboni-14 nusu ya maisha yake ni miaka 5,730. Kwenye mafuta ya mamilioni ya miaka imeshakwisha. Mwanasayansi Hans Suess aliona mwaka 1955 kwamba kaboni-14 ya hewa imezimuliwa. Ukichora grafu ya kaboni-14 baada ya hapo utakuta mwinuko wa ajabu miaka ya 1960. Hiyo ni mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani, usiwachanganye wanafunzi nayo. Bahari nayo inazidi kuelekea kwenye asidi, pH ya uso imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1, jambo ambalo lisingetokea kama bahari ndiyo ingekuwa inatoa gesi.

Tatu, jua. Setilaiti zimelipima mfululizo tangu 1978. Linapanda na kushuka kwa kama asilimia 0.1 katika mzunguko wa miaka 11, bila mwelekeo wa kupanda, wakati joto la dunia limepanda. Zaidi ya hayo, jua likiongeza nguvu lingepasha angahewa yote, chini na juu. Kinachoonekana ni troposfia (tabaka la chini) kupata joto na stratosfia kupoa. Hiyo ni saini ya hewa ukaa. Ozoni iliyopungua ilichangia kupoza stratosfia ya chini, lakini ile ya juu zaidi haielezeki bila hewa ukaa.

---

Mwl_Sayansi

Hapa nimepata zaidi ya nilichotarajia. La mwisho: mvuke wa maji ndio gesijoto yenye mchango mkubwa kuliko zote. Kwa nini hatuhesabu ule tunaotoa sisi?

---

Fizikia_Tupu

Kwa sababu haukai. Mvuke unadumu hewani kama siku 9 kisha unanyesha. Kiasi chake kinaamuliwa na joto: kila nyuzi 1 inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa ukaa inaanzisha, mvuke unazidisha. Ndiyo maana ile nyuzi 1 ya Kaboni12 inageuka kuwa kati ya nyuzi 2.5 na 4 ukijumlisha mirejesho yote. Mawingu ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya upana wa makadirio hayo.

---

Hesabu_ya_Moshi

Nyongeza kwa ajili ya mazoezi ya darasani, maana hapa ndipo makosa yanapojaa.

Usichanganye tani za kaboni na tani za hewa ukaa. Zidisha kaboni kwa 44/12, yaani 3.67. Ndiyo maana lita 1 ya petroli yenye uzito wa gramu 740 hivi inatoa kilo 2.3 za gesi: uzito mwingi ni oksijeni iliyochukuliwa hewani. Dizeli ni kama kilo 2.7.

Saruji: wengi huhesabu moshi wa tanuri tu. Chokaa ghafi yenyewe ikichomwa inaachia gesi, gramu 100 za kalsiamu kaboneti zinatoa gramu 44. Klinka (mawe yanayotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji) yenye oksidi ya kalsiamu asilimia 65 imeshatoa kama kilo 510 kwa tani kabla hujahesabu mafuta ya kuchomea. Hata tanuri la umeme wa jua haliondoi hizo.

Mbolea ya naitrojeni: kwa kipimo cha kawaida asilimia 1 ya naitrojeni inatoka kama oksidi ya nitrasi. Kilo 100 za naitrojeni zinakuwa kilo 1.57 za gesi hiyo, na kwa uwezo wake wa mara 273 katika miaka 100 ni sawa na kilo 429 za hewa ukaa. Kosa linalojirudia ni kusahau kuzidisha kwa 44/28.

Methani: taja kipindi daima. Kwa miaka 100 ni kama mara 28, kwa miaka 20 ni zaidi ya mara 80, kwa sababu inadumu kama miaka 12 tu. Namba isiyo na kipindi, isahihishie kosa.

Pumzi za watu usihesabu. Kaboni hiyo ilitoka hewani msimu uliopita kupitia chakula. Na mwanafunzi akiandika kwamba joto linaongezeka kwa sababu tundu la ozoni linaingiza jua, mkatie alama. Lile tatizo lilitokana na klorini ya gesi za majokofu, lina mkataba wake wa Montreal wa 1987. Zilizokuja badala yake, HFC, hazigusi ozoni lakini ni gesijoto kali, ndiyo maana ikaongezwa marekebisho ya Kigali 2016.

---

Mbishi_Halali

Hapo kwenye stratosfia kupoa sina cha kujibu. Mwalimu, hicho kipimajoto cha bastola ukikinunua hakikisha kinashuka hadi nyuzi -50, vingine vinaishia nyuzi -20 na usiku mkavu utaona "Lo" mwanzo hadi mwisho wa kipindi.